Kiganja cha Kima

Fundi alianza kila siku kwa kutengeneza silaha. Kabla hajagusa chungu, alifinyanga madonge ya udongo ya ukubwa wa ndimu, akayapanga kwenye ukingo wa baraza upande wa mkono wake wa kulia. Hayo yalikuwa ya kima. Kima waliposhuka kutoka kichakani nyuma ya nyumba yake, hapa Munje, wakiufuata mpapai wake, alirusha donge bila kuinuka kwenye kigoda. Donge likapita pembeni, likapiga ua wa makuti, kima wakaruka, wakapiga kelele, wakarudi.

Nimekua nyumba ya pili kutoka kwake na sijapata kumwona akimpiga hata mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani hana shabaha. Nilipomaliza chuo nikaanza kudhani ana shabaha kubwa mno, kwa sababu kukosa kila siku, miaka nenda miaka rudi, si jambo la bahati. Jambo hili lilinikosesha raha hata nikamwuliza. Akanitazama kama anayetazama chungu chenye ufa.

"Wewe mwanangu unafikiri sana," akasema. "Utazeeka kabla yangu, nije nikuuguze."

Jina lake silitaji. Kila mtu anamwita Fundi, hata wajukuu zake, na yeye husema kwamba jina ni kitu cha kadi ya hospitali.

Hakuwa mnyenyekevu, na sitaki mtu adhani hivyo. Alijisifu asubuhi, akapumzika adhuhuri, akaendelea alasiri. Ukimsifia mtungi alikurekebisha, kwamba hukuusifu vya kutosha, akakuonyesha mahali ulipopapita. Na alipokosea hakukosea. Mwaka mmoja alichanganya udongo kwa maji ya kisima kilichoingia chumvi. Mimi niliyesomea mambo ya mazingira nikamwambia kwa adabu kwamba vyombo vitatoka na ukungu mweupe. Akanijibu kwamba chumvi ni ya mchuzi. Vyombo vikakauka na ukungu mweupe. Siku mbili hakunisemesha, kisha nikasikia anamwambia mteja kwamba hiyo ni nakshi mpya, imetoka baharini, na si kila fundi anaiweza. Mteja akachukua vyote. Nikabaki nikijiuliza kama nilikuwa sahihi au la, na bado najiuliza.

Ugomvi wake mwingine ulikuwa na udongo wenyewe, na huo aliupeleka juu kabisa. Kila adhana ilipoita, aliacha kazi akaenda kuutoa udongo chini ya kucha, na kucha zake zilikuwa na njia zote za kuuficha. Utamsikia uani, maji yakimwagika, akinung'unika: "Mwenyezi Mungu kaniumba kwa udongo, na kila akiniita lazima niuoshe kwanza." Kisha akasema astaghfirullah, akaenda kuswali. Akirudi alikuwa mpole kwa muda wa kama chungu kimoja.

Udongo aliuchimba bondeni, kando ya majaruba ya mpunga, na huko alikuwa na desturi ambayo ilinipa taabu kila nilipomsindikiza. Hakuchimba mpaka apige hodi. Alisimama ukingoni mwa shimo, akasema "hodi" kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyefika kwa jirani kuomba moto, akangoja. Baada ya kungoja alitoa kwenye kikapu vigae vya vyombo vilivyomvunjikia, akavimwaga shimoni, ndipo akainua jembe. Mama yake alifanya hivyo, alisema, na shimo halijapata kulalamika.

Taabu yangu ilikuwa ule muda wa kungoja. Je, tunangoja kitu au tunangoja tu? Ni adabu kukohoa? Nyumba ya mtu usipojibiwa hodi ya tatu unaondoka. Mbona yeye hupiga moja? Nilipomwuliza shimo huitikiaje, alisema halijapata kuitikia. "Sasa unajuaje kwamba umekaribishwa?" nikauliza. "Sijui," akasema. "Ndiyo maana nachimba kidogo."

Vyungu vya kupikia alifinyanga kama wanawake wengine walioijua kazi hiyo: akizungusha udongo kwa mkono, akaukwangua kwa kifuu, akaulainisha kwa kokoto la pwani mpaka ung'ae, akachoma kwa makumbi ya nazi. Lakini kule nyuma, bandani, alikuwa na ukoo mwingine kabisa. Kulikuwa na kasa aliyebeba hoteli mgongoni, ghorofa kwa ghorofa, na bwawa la kuogelea juu ya gamba, na uso wa kasa umekunjwa kama wa mpagazi asiyeambiwa mzigo unashushwa wapi. Kulikuwa na kaa aliyeshika shada la funguo, mlinzi wa jumba la pwani ambalo wenyewe huja mara moja kwa mwaka. Kulikuwa na mbega watatu wameketi juu ya waya wa umeme, nywele wamezichana vizuri, kama wanaosubiri kupigwa picha ya mwisho. Alivichoma vyote kwa makumbi yale yale, na alivicheka alipokuwa akivifinyanga. Hakuwa akihubiri. Nilipomwambia kwamba kazi zake zinazungumzia uhusiano mgumu kati ya binadamu na maumbile, aliuliza kama hayo ndiyo niliyoyalipia karo.

Mara moja mwuza vinyago wa Diani alimchukua kasa yule akamwuze pwani. Mwenye hoteli mmoja akamwona, akauliza kwa wasiwasi kama ile ni hoteli yake. Habari ilipomfikia Fundi alituma jibu: mwambieni hapana, ya kwake ina bwawa kubwa zaidi. Kasa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo lilipokuwa donda lake, ingawa hakulionyesha upesi. Vyungu vyake vilikuwa katika kila jiko kuanzia Msambweni mpaka Ukunda, na hakuna aliyejua kwamba ni vyake. Kwenye maduka ya watalii vilikuwa "vyungu vya pwani", kana kwamba pwani iliamka asubuhi ikavifinyanga. Alitaka mara moja tu, kabla hajafa, kitu chake kiwekwe mahali pa watu, na karibu yake pawe na maneno ya kusema kilifanywa na nani na kwa nini. Na mimi nikadhani nimeipata nafasi hiyo.

Nilikuwa nimepata kazi, kazi yangu ya kwanza, baada ya kuandika maombi hata mama akaacha kuniuliza kama yamejibiwa. Ilikuwa hoteli ya Diani, mkataba wa majaribio, sehemu ya mapambo na utamaduni. Meneja wangu alikuwa kijana wa bara, mwepesi, mcheshi, aliyependa kila kitu kwa muda mfupi. Akanituma nimletee kitu cha kienyeji cha kuweka mapokezi. Nikaenda kwa Fundi.

Bandani palikuwa na mtungi ambao sikuwahi kuuona. Ulikuwa mzuri, tumbo la duara, shingo fupi, lakini ubavuni palikuwa na alama ya kiganja kidogo, vidole vyembamba virefu, na gumba lililoteremka na kuacha mfereji mpaka chini. Kiganja cha kima. Kima aliugusa ukiwa haujakauka, na Fundi hakuufuta. Aliuchoma hivyo hivyo. Nikauliza ilikuwaje. Akasema kima aliingia. Nikauliza kwa nini hakuuziba. Akasema alikuwa amechoka.

Meneja alipouona mtungi aliweka simu mezani, jambo ambalo sikulizoea kwake. "Hii ni noma, aki," akasema mwishowe. "Huyu mama ni nani? Jina lake tunaweka hapo mbele, kubwa." Akaniagiza niandike maelezo. Niliyaandika na kuyafuta kwa juma zima. Neno "mnyama" lilionekana linadharau, "kiumbe" linajidai, "jirani" linatania. Mwishoni niliandika kwamba hapa mkono wa porini umekutana kwa upole na mkono wa binadamu, kwamba kiganja hiki kimepapasa udongo kama anayesalimia. Niliyapenda. Nikampelekea Fundi nikamsomea kabla hayajachapishwa.

Akaniomba nirudie pale pa kupapasa. Nikarudia. Akasema, "Maneno mazuri," na akaenda kuosha mikono ingawa adhana ilikuwa bado.

Kisha meneja akataka zaidi. Mtungi mmoja wa kiganja kwa kila meza ya mkahawa, kabla msimu wa wageni haujaanza. "Unaweza pata ingine kama hii? Hata kama ni mkono ya mtoto, nani atajua." Aliniambia waziwazi kwamba mkataba wangu utazungumzwa baada ya mitungi kufika. Nikampelekea Fundi agizo, nikiwa nimeliacha lile la mkono wa mtoto, halafu nikalisema, kwa sababu nilikuwa nimelala vibaya kwa kulificha.

Nilitegemea atanifukuza. Badala yake aliingia kazini kama mtu aliyetukanwa. Alikubali mitungi. Hakukubali mkono wa mtoto, wala wangu, ingawa alinishika kiganja akakipima kwa jicho akasema kingefaa, ni kidogo na kimejaa woga. Mitungi itaguswa na kima mwenyewe au haitaguswa.

Na hivyo ndivyo mwanamke aliyewarushia kima madonge maisha yake yote alivyoanza kuwabembeleza.

Aliweka ndizi kati ya mitungi mibichi. Kima mkubwa, dume lenye ndevu nyeupe ambalo Fundi alikuwa akiliita Bwana Shamba kwa jinsi lilivyokagua mapapai, lilishuka, likaivuta ndizi kwa ncha ya vidole viwili, likaondoka bila kugusa hata kivuli cha chombo. Akapaka machicha ya nazi kwenye shingo za mitungi. Wakaja kunguru. Akapanga mitungi ikaziba njia ya kuelekea kwenye mpapai, ili lazima wapite juu yake. Kima wakapita paani. Fundi akasema hawa si kima, hawa ni mawakili.

Siku moja akaamua kwamba tatizo ni yeye. Kima wanamwona, wanajua ni adui. Basi alivaa buibui kamili, akachukua mkoba, akafunga mlango kwa kufuli, akasimama uani akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba anaondoka, anakwenda Msambweni, na huenda akachelewa sana. Mimi nilitakiwa niitike kwa sauti. Niliitika. Nadhani niliitika vibaya. Tukaondoka, tukazunguka shamba la mihogo la jirani, tukarudi kwa nyuma tukiwa tumeinama, tukajibanza nyuma ya ua wa makuti, yeye na buibui lake na mimi na shahada yangu.

Tulikaa. Nilikuwa nikifikiria mkataba. Nilifikiria pia kama kuwadanganya wanyama kwa Kiswahili ni kosa la aina gani.

"Unapumua kama mtu wa mtihani," Fundi akaninong'oneza. "Punguza."

Nikapunguza. Kisha nikahisi natazamwa. Niliinua macho. Juu ya ua, karibu kuliko nilivyopenda, Bwana Shamba alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti, anatutazama. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Nyuma yake wenzake walikuwa wakila mapapai kwa utulivu. Mitungi ilikuwa imepangwa chini, mibichi, safi, haijaguswa.

Nilingoja Fundi acheke, maana mimi mwenyewe nilikuwa karibu. Hakucheka. Alijiegemeza kwenye nguzo ya ua, buibui limejaa vumbi la makuti.

"Hakupapasa," akasema.

Nikauliza nani.

"Yule wa mtungi. Umeandika alipapasa. Hukuona gumba? Lilivyoteremka?" Akainua mkono wake hewani, akaushusha kwa haraka, vidole vimejikunja, kama mtu anayetafuta pa kushika na hapapati. "Nilikuwa nimekasirika siku ile. Nilirusha karibu. Akashtuka, akateleza kutoka kwenye boriti, akaukumbatia mtungi asianguke. Hiyo ni alama ya hofu, mwanangu. Hofu yangu niliyompa mimi."

Nikamwuliza mbona hakuniambia nilipomsomea.

"Maneno yako yalikuwa matamu," akasema. "Nikataka yawe kweli. Nikasema, akija mmoja tu akagusa kwa hiari yake, basi hayatakuwa uongo, yatakuwa yamechelewa tu."

Tukabaki pale. Bwana Shamba alijikuna. Nikafahamu vizuri kilichokuwa mbele yetu. Fundi angeweza kupata viganja vyote alivyotaka, alfajiri moja tu. Ilitosha arushe madonge kwa kulenga. Alikuwa na shabaha hiyo. Sasa nilikuwa na hakika.

"Mwambie bwana wako hakuna mitungi," akasema, akijifuta vumbi. "Na hayo maneno yafute, uandike ninayokwambia."

Aliniambia palepale, na nikayaandika kwenye simu: Nilimrushia kima donge. Alishtuka akashika hapa asianguke. Mtungi nimeufinyanga mimi. Nilimsihi tuongeze neno moja la kulainisha. Akaniuliza neno gani. Nikataja. Akasema hilo ni la barua ya kuomba kazi.

Nikamwuliza pia jina lake liandikwe vipi, kwa sababu hilo ndilo alilolitamani. Alifikiri kidogo. Akasema lisiandikwe. Kama la kima haliandikwi, basi lake nalo likae kwenye kadi ya hospitali.

Meneja alisoma maelezo mapya akacheka, akidhani ni mzaha, kisha akaona kwamba mimi sicheki. Kwa kuwa wageni walikuwa wanaingia na mapokezi palikuwa patupu, aliyaweka. Mkataba wangu ulipomalizika haukuongezwa. Aliniambia bila chuki kwamba nina roho safi lakini slow. Si muda mrefu baadaye akanipigia simu. Mgeni mmoja alisimama mbele ya mtungi, akasoma, akaenda kulalamika kwamba hoteli inaonyesha ukatili dhidi ya wanyama na kuuita sanaa. Nije niuchukue.

Nilikwenda Diani nikauchukua. Kutoka Ukunda mpaka Munje niliupakata kwenye tuktuk, nimeukumbatia kwa mikono miwili, na kila tulipopita tuta nilijikuta kiganja changu kimetua juu ya kile kingine. Njia nzima nilitunga jinsi ya kumweleza bila kumwumiza. Niliandaa utangulizi. Niliandaa pole. Niliandaa hata jibu la swali ambalo hangeweza kuliuliza.

Nilimkuta barazani, kigodani, mikono imejaa udongo. "Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wameurudisha?"

Nikamweleza kwa ufupi, utangulizi wote umenipotea. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka mpaka akashika mbavu na kuacha alama za vidole kwenye leso aliyojifunga.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hatimaye kuna mtu amesoma."

Aliupokea mtungi, akaugonga kwa kucha kusikiliza kama umepata ufa, akauweka kivulini na kuujaza maji ya kunywa. Hakuuliza kuhusu kazi yangu. Alinisogezea kigoda cha pili na kunikatia bonge la udongo, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikaanza kuukanda.

Hatukukaa sana kabla kima hawajashuka. Bwana Shamba aliongoza. Fundi, bila kugeuza kichwa, aliokota donge kwenye ukingo wa baraza akarusha. Likapita pembeni, kama kawaida, likaanguka mchangani. Wengine wakaruka. Bwana Shamba hakuruka. Alilitazama donge lilipoanguka, akatutazama sisi, akashuka kwenye mpapai hatua kwa hatua, akaliokota.

Fundi aliacha kufinyanga.

Kima alilinusa. Akalibonyeza kwa vidole vyake vyote, taratibu, akilizungusha, kama anavyofanya mama sokoni akipima parachichi. Hakuna aliyemharakisha. Aliporidhika kwamba halifai kuliwa, aliliweka chini, hakulitupa, akarudi kwenye kazi yake ya mapapai.

Tulingoja mpaka waondoke wote. Kisha Fundi akainuka, magoti yakilia, akaenda akaliokota na kuniletea kwenye kiganja kilichofunguliwa. Upande mmoja palikuwa na mistari ya vidole vyake, pale alipolifinyanga asubuhi. Upande wa pili palikuwa na vishimo vidogo, vimebonyea sawasawa, hakuna kilichoburuzwa. Nikauliza kama atalichoma.

"Likichomwa, bwana wako atalitaka," akasema.

Akaliweka mwisho wa safu, kwenye ukingo wa baraza, mbali kidogo na madonge mengine. Kisha akaliona haliko salama pale, karibu na mkono wake wa kulia, akalihamishia kushoto.